Kuku Mgeni: Mwongozo wa Kudanganya Mpaka Apone

Umenunua tembe wa miezi miwili. Hongera. Sasa unataka kupita naye katikati ya kilima, polepole, ili kila aliyekaa mbele ya boma lake, yaani rugo, aulize umemtoa wapi na umelipa faranga ngapi. Nakuelewa kabisa. Kuku mpya ni furaha, na furaha inataka mashahidi.

Lakini njoo tuongee sisi wawili. Mahali kama Ryansoro, kusini mwa Gitega nchini Burundi, kuku hulala jikoni au kibanda kimoja na mbuzi, na mchana hushinda wakichakura mpaka kwa jirani. Kuku mmoja akiingia na ugonjwa anaweza kuondoka na kundi zima ndani ya wiki mbili, la kwako na la wenzako. Naye haji na alama kifuani. Muuzaji atakuficha ukweli. Kuku mwenyewe atakuficha. Hata moyo wako utakuficha, kwa sababu pesa imeshatoka.

Dawa ya hadaa ni hadaa. Nitakufundisha kumdanganya muuzaji, majirani, kuku, vijidudu, na mwisho kundi lako mwenyewe. Ni udanganyifu wa halali: hakuna atakayeibiwa.

Hatua ya kwanza: jifanye umekuja kununua chumvi

Fika sokoni mapema, kabla jua halijapanda. Simama kwa wauza chumvi na uwatazame kuku kwa mbali. Usiwasogelee bado. Kuku huwindwa na kila mwenye kucha, na anayeonekana mnyonge ndiye mwewe humchukua kwanza. Kwa hiyo akihisi macho ya mtu hunyanyua shingo, hubana mabawa na kujitia uzima. Mtazame asikujue, atasahau kuigiza.

Tafuta mabawa yaliyoshuka. Tafuta manyoya yaliyotutumka wakati wenzake wanaota jua kwa raha, macho yanayofumba mchana kweupe, mdomo ulio wazi bila joto, mkia unaopanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Kisha lione tenga zima. Ukimpenda mmoja aliyechangamka huku pembeni yake mwenzake amejikunyata, waache wote wawili, kwa sababu wamekunywa chombo kimoja na wamepumuliana usiku kucha. Hapa watu wengi hushindwa. Jicho limeshampenda yule mwenye madoadoa, na moyo unaanza kutunga sababu.

Sasa sogea, ukiwa umeshika chumvi yako, na umwombe muuzaji akupe kuku mkononi. Pua ziwe kavu. Macho yawe mawili, makavu, ya duara, yasiwe na povu kwenye kona. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukikata kidole, kuku amekonda siku nyingi, na hakuna pumba ya leo itakayoficha hilo. Bonyeza gole. Likiwa limejaa na kugonga asubuhi hiyo, ameshindiliwa mahindi ili awe mzito, au chakula kimegoma kushuka. Yote mawili ni hasara yako. Funua manyoya chini ya bawa utafute chawa, na nyuma kwenye mlango wa haja utafute kinyesi kilichoganda. Manyoya ya nyuma yakiwa yamelowa ilhali mvua haijanyesha, jua kwamba mtu ameyaosha kabla ya kuja sokoni. Undu wa tembe wa umri huu bado ni mdogo na haujakolea wekundu. Usimkatae kwa hilo.

Kisha uliza swali, ila usiulize kama ni mzima. Hakuna muuzaji aliyewahi kusema hapana. Uliza hivi:

“Mzee, wengine umebakiza wangapi nyumbani?”

“Ni hawa tu, mama. Nauza wote.”

Akishasema anauza wote, rudi kwenye chumvi. Huenda mzee wa watu anatafuta madaftari ya watoto, maana Septemba shule hufunguliwa na kuku ndio benki ya kilima. Lakini watu wakiona kuku wawili wamekufa kwa jirani usiku mmoja, hukimbiza waliobaki sokoni asubuhi. Hufanyika Ryansoro, hufanyika Muyinga, hufanyika Afrika Mashariki nzima, hasa kiangazi. Soko ndiyo barabara kuu ya ugonjwa.

Kuna kuku ambao huwezi kuwachagua. Amekuletea mama mkwe. Au umefikiwa na zamu katika mnyororo wa mshikamano, ule utaratibu wa Burundi ambapo aliyepewa mfugo hutoa mtoto wa mfugo huo kwa anayefuata. Huwezi kumgeuza kuku wa mama mkwe na kumkagua matako mbele ya wageni. Mpokee kwa mikono miwili, msifie rangi, shukuru kwa sauti, halafu nenda hatua ya pili upesi kuliko aliyenunua.

Hatua ya pili: njiani, mzimie taa

Usimning'inize kwenye usukani wa baskeli kichwa chini. Najua wote hufanya hivyo. Kuku hana kiwambo kama chetu cha kutenga kifua na tumbo. Ukimgeuza, matumbo yote huangukia mifuko yake ya hewa, naye hupambana kupata pumzi mpaka mtakapofika. Ugonjwa uliokuwa umelala huamka kwa mateso ya namna hiyo. Mweke kwenye kikapu, mfunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Akiona giza atadhani ni usiku na atatulia. Umeshamdanganya mara ya kwanza, na hajaumia.

Kitambaa kina faida ya pili. Barabarani hakuna atakayejua umebeba nini.

Hatua ya tatu: mfiche, na udanganye vizuri

Hii ndiyo hatua ninayotaka uishike hata ukisahau nyingine zote. Mgeni akae peke yake wiki tatu. Virusi vya mdondo, ule unaoitwa pia kideri, hukaa mwilini bila dalili kwa siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Kuku aliyekuwa akirukaruka Jumapili anaweza kupindika shingo Ijumaa. Ukimchanganya siku ya kwanza, wakati anapoanza kuumwa wenzake wameshaambukizwa.

Methali inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba pekee haitoshi, kwa sababu inazuia miguu tu. Pumzi na kinyesi havifungwi. Mpe chumba: jiko la zamani, kona ya stoo, au tenga kubwa lililofunikwa nyuma ya nyumba, mbali na wenzake kadiri kiwanja chako kinavyoruhusu. Mpe chombo chake cha maji na chake cha chakula. Acha kandambili kuukuu mlangoni pake, uzivae kwake tu. Na kila siku wahudumie kwanza kuku wa nyumbani, mgeni awe wa mwisho, kisha unawe kwa sabuni. Ukigeuza mpangilio huo, miguu yako itasambaza ulichokifungia.

Tatizo litakuwa watu. Jirani ataona umerudi na kikapu.

“Tuonyeshe basi huyo kuku!”

“Bado mwoga huyo, dada. Akizoea nitakuita.”

Jibu hilo halina uongo ndani yake, kwa sababu kweli ni mwoga, na hakuna anayekasirika akisikia kuku ana woga. Usiseme umemtenga akaguliwe ugonjwa, maana kufika jioni kilima kizima kitakuwa kimesikia kwamba umeleta tauni. Jirani naye ana kuku wake, na viatu vyake vimetoka kwao. Ukimzuia unamlinda yeye pia.

Watoto ni wagumu zaidi, kwa kuwa wao ndio watakaowaleta wenzao kutazama. Usiwakataze. Wape cheo. Mkubwa awe mlinzi wa mlango: haingii mtu bila kunawa, haingii mtu bila ruhusa yake. Mtoto mwenye cheo ni mkali kuliko mganga yeyote wa mifugo, na hamu ileile ya kujionyesha iliyokuwa ikuharibie kazi sasa inakulindia kuku.

Hatua ya nne: mchungulie

Kuku huyu bado anaigiza. Toboa tundu kwenye ukuta wa mabua, umtazame alfajiri kabla hajakusikia. Mzima huamka akichakura. Mgonjwa hubaki amesimama na macho nusu. Ukisikia anakoroma au anapiga chafya mfululizo, kaa macho.

Jioni tandika jani bichi la mgomba chini ya mahali anapolala. Asubuhi litakuwa na habari zote za usiku, na huku kwetu majani ya mgomba hayanunuliwi. Kinyesi kizuri kina umbo, cha kahawia au kijani kilichofifia, na kofia nyeupe juu yake. Hiyo nyeupe ndiyo mkojo wa kuku. Mara moja moja utakuta donge laini la hudhurungi linalonuka vibaya mno. Usishtuke, limetoka kwenye matumbo mapofu, ni la kawaida. Damu si ya kawaida. Kijani kibichi chenye majimaji si cha kawaida: ama hajala kitu, ama ni mdondo. Maji meupe yanayogandisha manyoya ya nyuma si ya kawaida. Ukimaliza kusoma, choma jani.

Shika gole mara mbili kwa siku. Usiku wakati wa kulala liwe limejaa, alfajiri liwe tupu. Likiwa tupu jioni, hali. Likiwa limejaa alfajiri, limeziba. Kwa vidole vyako tu umeshajua zaidi ya anayesubiri kuku aanguke.

Hatua ya tano: kabla ya dawa yoyote, moto na maji

Ameanza kuzubaa. Mkono wako tayari uko kwenye kabati, unatafuta kile kidonge cha rangi mbili kilichobaki mtoto alipougua kikohozi. Kirudishe. Hizo ni antibayotiki za watu. Haziui virusi, na nusu kidonge kwenye kopo la maji huwafundisha bakteria kuzizoea. Kifaranga anayeumwa kwanza hufa kwa baridi na kiu, na ugonjwa hufuata baadaye kudai sifa.

Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41. Akiugua haliwezi kulishika tena, na usiku wa Julai katika miinuko ya Kirimiro si rafiki wa kifaranga. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa, iweke upande mmoja wa boksi. Upande mmoja tu, ili akizidiwa joto asogee. Badilisha chupa usiku wa manane. Ndiyo, utaamka.

Maji: lita 1 safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kile kile tunachowapa watoto wanaohara. Mpe siku moja au mbili, kisha maji ya kawaida. Usimfungue mdomo na kummiminia. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia humo umemzamisha mkononi mwako kwa mapenzi. Chovya kidole, dondosha tone pembeni mwa mdomo, ngoja ameze mwenyewe, rudia.

Asipokula, mdanganye tena. Gonga kidole kwenye chakula haraka haraka, tk-tk-tk, kama mama yake anavyodonoa. Kifaranga hufuata mdomo unaogonga. Hajiulizi mdomo huo ni wa nani. Weka yai lililochemshwa na kusagwa, au uji mzito wa mahindi uliopoa, na umpe kidogo mara nyingi.  

Hatua ya sita: sasa dawa, kwa anayestahili

Damu kwenye jani la mgomba. Hii ni kuhara damu, kazi ya vijidudu vinavyoitwa koksidia, ambavyo hupenda sana kuku wa wiki 3 hadi 8. Mayai yao hutoka na kinyesi na yanahitaji siku moja au mbili za joto na unyevu kabla hayajaweza kuambukiza. Kwa hiyo nusu ya tiba ni sakafu kavu: matandiko yaliyolowa pembeni mwa chombo cha maji yatoe kila siku, usisubiri Jumamosi. Inua chombo kifikie kimo cha mgongo wake asikinyee.

Nusu ya pili ni amproliamu, unga wa kuchanganya kwenye maji, na hapa nataka upunguze mwendo kidogo kwa sababu dawa hii ni tapeli kuliko sisi wote. Umbo lake linafanana sana na vitamini B1. Koksidia anaihitaji vitamini hiyo ili aongezeke. Anaikamata amproliamu akidhani amepata chakula, na anakufa njaa akiwa ameshiba feki. Sasa angalia kosa la watu wenye huruma: wanachanganya amproliamu na vitamini katika kopo moja ili kuku apate nguvu. Wamempa adui chakula halisi kando ya kile cha uongo, na dawa inapoteza makali yake. Maliza dozi kwanza, siku 5 hadi 7 kulingana na maelezo ya pakiti, kisha mpe vitamini. Usikate dozi siku ya tatu kwa sababu damu imekoma. Na asipewe maji mengine pembeni, maana atachagua yasiyo na ladha.

Minyoo: amekonda, mweupe usoni, anakula na haongezeki. Mpe dawa ya minyoo kwa uzito wake. Piperazini hutoa minyoo mikubwa ya duara peke yake; mganga wa mifugo atakuambia kama unahitaji nyingine.

Miguu yenye magamba yaliyonyanyuka ni utitiri uliochimba chini yake. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua taratibu kwa mswaki mkuukuu, kausha, paka mawese au mafuta mazito mengine. Mawese ya Rumonge yanakosesha wadudu hewa na hayamuunguzi kuku. Mafuta ya taa matupu yanaunguza. Rudia kila wiki mpaka magamba yalale. Kwa chawa, mpe beseni la majivu na mchanga mkavu, ataoga mwenyewe.

Ndui: vipele vyeusi kwenye undu na usoni. Huletwa na mbu, haina dawa, na ikibaki nje ya ngozi huisha yenyewe kwa wiki chache. Paka iodini, usibandue magamba, kwa maana virusi vimo humo. Ikiingia mdomoni, hali ni mbaya zaidi.

Uso uliovimba na kamasi inayonuka mpaka unageuza kichwa ni mafua makali. Antibayotiki za mifugo husaidia, kwa maelekezo ya mganga. Lakini akipona anabaki amebeba vijidudu na kuwapa wenzake. Huyu usimwingize kwenye kundi hata akiimba. Subiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya nyama kuliwa, kisha apate heshima ya sufuria.

Kuhusu majani: najua bibi atakuletea umubirizi, au umuravumba, au pilipili zilizopondwa kwenye maji. Yapokee. Umubirizi mchungu kidogo kwenye maji hautamdhuru kuku anayekunywa vizuri, na bibi ana macho makali kuliko wewe. Mwache amtazame kuku huku akiponda. Ninachokukataza ni kusubiri siku nne uone kama pilipili imefanya kazi, wakati koksidia wanamaliza utumbo.

Hatua ya saba: mdondo huudanganyi ukishaingia

Shingo imepinda. Bawa moja linaburuzika, kinyesi ni kijani, anahema mdomo wazi, anazunguka mahali pamoja. Huu ni mdondo, na hauna tiba. Milipuko yake ya kwanza kutambuliwa ilikuwa mwaka 1926, Java na Newcastle upon Tyne huko Uingereza, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu wote. Hausimami mpakani Kobero kugongewa muhuri, wala haujali kama kuku wako ni wa Gitega au wa Ngara, Tanzania.

Unadanganyika mapema tu, na chanjo ndiyo hadaa yenyewe: virusi hai, vipole, vinavyouonyesha mwili sura ya adui bila kuleta vita. Kwa miaka mingi shida ya vijijini ilikuwa barafu. Chanjo iliharibika kwa joto kabla haijafika kilimani. Ndipo Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakatengeneza chanjo ya I-2 inayovumilia joto kwa muda, kwa ajili hasa ya kuku wa vijijini. Tanzania huitengeneza yenyewe. Tone moja kwenye jicho moja, kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudia kila baada ya miezi 4. Kuvumilia joto si kuvumilia jua: ibebe kivulini ndani ya kitambaa kibichi, na ukishaifungua itumie siku hiyohiyo. Mwulize veterineri wa eneo lako ana chanjo gani ya mdondo mkononi, na ufuate maelezo ya hiyo aliyonayo.

Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa rugo moja. Kwa hiyo hapa toka mafichoni, waite majirani, changeni faranga, chagueni asubuhi moja kabla kuku hawajafunguliwa. Na upange mambo kwa werevu: wachanje kuku wa nyumbani walau wiki mbili kabla ya kwenda kununua mgeni, maana kinga huchukua muda huo kujijenga. Mgeni mwenyewe mchanje akiwa mzima tu. Kuchanja aliyekwisha kuugua hakumwokoi, na watu wataona amekufa baada ya tone la jicho, wakatae chanjo kilima kizima.

Hatua ya nane: kushindwa kwa heshima

Amekataa joto, amekataa maji, shingo imelala mgongoni. Mchinje haraka, asiteseke. Kisha utasikia sauti ndani yako, tamu sana: “Yule mwingine anayezubaa, mpeleke sokoni kesho kabla hajafa, urudishe nusu ya pesa.” Naijua sauti hiyo. Ndiyo iliyomleta huyu kwako. Hapa, rafiki yangu, udanganyifu wote niliokufundisha unakoma. Usiuze, usigawe, usimpelekee mtu zawadi.

Usimle aliyekufa mwenyewe. Usimtupe bondeni, kwa sababu bonde lina maji, na huko chini kuna watu wanaoyatumia. Usimpe mbwa. Chimba shimo refu kadiri mkono wako unavyofika mpaka begani, mweke na manyoya na matumbo na jani la mgomba, mwagia majivu au chokaa, fukia, weka jiwe zito. Choma matandiko. Osha vyombo kwa sabuni, vianike juani siku kadhaa.

Kisha nenda kwa jirani uliyemwambia kuku ni mwoga. Mwambie: “Dada, amekufa. Nadhani ni mdondo. Funga wako wiki hizi, na usiende kwao na viatu ulivyovaa kwangu.” Ni aibu ya dakika tano. Utasimama wima zaidi ukiwa umeisema wewe kuliko ikisemwa kisimani. Na kama kuku wengi wamekufa kwa ghafla, wa kwako na wa wengine, mwite veterineri kabla ya kugusa maiti nyingi, maana huenda si mdondo. Januari 2017 homa ya ndege ilithibitishwa Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, baada ya watu kuona ndege wa porini wamekufa ufukweni na kutoa taarifa.

Usinunue mwingine mara moja. Virusi vya mdondo vinaweza kukaa wiki kadhaa kwenye kinyesi kilicho kivulini. Acha kibanda kipigwe na hewa na jua mwezi mzima au zaidi, na tumia muda huo kuwachanja waliobaki wazima.

Hatua ya tisa: siku ya 29, usiku

Tuseme amepona, au hakuugua kabisa. Wiki tatu zimekwisha, gole linajaa na kushuka, jani la mgomba ni safi. Kabla ya kumtoa, mwekee pora mmoja wa nyumbani akae naye wiki moja zaidi, yule ambaye ungemchinja hata hivyo. Pora akibaki mzima, mgeni hajaficha kitu. Pora akiugua, umepoteza mmoja badala ya wote.

Sasa kundi lako. Ukimwingiza mchana watamshambulia, kila mmoja akitaka kumwonyesha nani mkubwa. Subiri giza. Kuku gizani hawaoni vizuri wala hawapigani. Mchukue kimya, pamoja na pora wake, uwapandishe kwenye kichanja katikati ya waliolala, mgongo kwa mgongo. Ondoka bila taa.

Alfajiri wataamka wakimkuta. Watamdonoa kidogo, waache wapangane wenyewe, ingilia ikitoka damu. Tawanya chakula sehemu tatu badala ya moja, na weka chombo cha pili cha maji upande wa pili wa rugo ili mnyonge asikose. Rudi kwenye chumba alichofungiwa mgeni, toa kandambili kuukuu, zichome.

Jirani sasa mwite aje amwone. Na mkiwa mmesimama pale mnamsifia, kubalianeni tarehe ya kichupa kijacho.